Fundi wa barabara ya Oginga Odinga aliyeitibu laptopu yangu kigugumizi

Kwa wiki tatu nilimkosoa msichana asiye na kosa. Yuko Kidato cha Tatu, husimama mwisho wa mstari wa pili katika shairi letu la kikundi. Kuna mahali miguu hupigwa kwa zamu kama wimbi, kuanzia kushoto kwenda kulia, hadi inapomfikia yeye, kisha wote 32 wanaruka pamoja. Kila tulipotazama video ya mazoezi, wimbi lilipofika kwake picha iliganda. Mlio wa mguu ulisikika, mguu wenyewe ukaonekana bado uko hewani, halafu ghafla watu wote wako chini na ubeti mwingine umeanza. Nikawa namwambia, "Unachelewa." Akanijibu kwa sauti ya chini, "Mwalimu, mimi nasikia niko sawa." Nikamwambia atazame mwenyewe. Akatazama, akanyamaza.

Iliyochelewa ilikuwa video. Nililijua hilo siku nilipopanda ngazi za fundi mmoja mjini Kisumu, na ninaandika tathmini hii ya kazi yake kwa kirefu kwa sababu walimu wengi wa huku Vihiga, Kisumu na Siaya wana mashine kama yangu na tatizo kama langu, na wengi wameshaambiwa wazitupe.

Mashine yenyewe ni laptopu ya mtumba kutoka Ulaya. Prosesa yake ni Intel Core i5-4300U, ya kizazi cha nne, kizazi kilichotoka mwaka 2013. Niliinunua ikiwa tayari ina Linux Mint, mfumo endeshi wa bure unaokaa mahali pa Windows, na hilo lilinifurahisha. Flashi za walimu zimepita kila saiba na kila duka la kuchapisha mitihani, zimejaa virusi vilivyoandikiwa Windows, na kwangu virusi hivyo havipati pa kushika. Miaka miwili nimeandalia alama za wanafunzi humo kwa LibreOffice bila shida. Tatizo lilikuwa video tu. Ukicheza picha ya simu, inakwama, inaruka, inakwama. Ukifungua YouTube, feni inalia kama mashine ya kusaga.

Fundi wa kwanza niliyemwendea aliitazama video kwa sekunde kumi hivi, akasema RAM ni ndogo. Nikalipa Sh 2,200, tukatoka GB 4 tukafika GB 8. Video ikaganda palepale. Niliporudi akasema mashine imezeeka, tena Linux haifai kwa video, nimpe Sh 28,000 anitafutie nyingine. Sikuwa nazo. Hata ningekuwa nazo, zingeanzia kwenye sare za wanafunzi.

Mwalimu mwenzangu wa hisabati ndiye aliyenielekeza kwa huyu wa pili. Jumamosi asubuhi nikapanda matatu Luanda, tukapita Maseno na Kisian, tukapita uwanja wa ndege, nikashuka mjini na kutembea hadi barabara ya Oginga Odinga. Duka halina bango. Unapanda ngazi hadi ghorofa ya pili, unampita fundi cherehani, unapita mlango uliotundikwa leso, halafu mlango unaofuata uko wazi. Ndani kuna meza mbili, taa ya kuinamia, trei la skrubu lenye vyumba vidogo kama la kuotesha miche, na dada wa makamo aliyevaa miwani ameisukuma juu ya kichwa. Alinitazama mfukoni, akaona kalamu nyekundu.

"Japuonj, karibu. Keti," akasema. Kwetu si Ujaluoni, lakini mwalimu yeyote aliyeishi karibu na Kisumu anajua kwamba neno hilo la Kijaluo ni mwalimu. "Umekuja na video inayokusumbua?"

"Iko ndani ya mashine."

"Basi usinieleze kwanza. Nionyeshe."

Hapo ndipo nilipoanza kumwamini. Alitazama video mara mbili bila kusema kitu, mara ya pili akiwa amefumba macho. Kisha akaniuliza maswali, na aliuliza kama daktari anayejua kila jibu litampeleka wapi. Je, ni video zote au baadhi? Za kwenye faili au za intaneti? Sauti nayo inakatika, au ni picha peke yake? Mashine ikiwa kwenye chaja na ikiwa kwenye betri, kuna tofauti? Ukiipunguza video iwe kadirisha kadogo, inaendelea kukwama? Nilipomwambia kwamba sauti haikatiki kamwe, alitikisa kichwa kama mtu aliyepata alichokitafuta.

Alinieleza, nami nawaeleza. Programu nyingi za kuchezea video hufuata saa ya sauti. Sikio la mwanadamu halivumilii pengo, kwa hiyo sauti hupewa njia kwanza, na picha ikichelewa programu huzitupa fremu zilizopitwa na wakati ili picha iikute sauti mbele. Video ya fremu 30 kwa sekunde huipa mashine takriban milisekunde 33 kuandaa kila fremu. Ikishindwa, fremu hiyo haionekani kamwe. Kama ingekuwa intaneti, video ingesimama yote, sauti na picha, ikisubiri. Sauti ikiwa nzima na picha ikigugumia, mtandao hauna hatia, na flashi au diski kwa kawaida nazo hazina hatia. Anayelemewa ni yule anayeifungua picha na kuichora.

Kwa hiyo sauti niliyoipuuza kwa wiki tatu ndiyo iliyokuwa ikisema ukweli. Nilikaa kimya kidogo niliposikia hivyo.

Akafungua terminali, lile dirisha la kuandikia amri, akaandika inxi -G. Ikatoka mistari michache, akaniwekea kidole chini ya neno moja: llvmpipe.

"Mwalimu, unaona hili? Chipu yako ya picha haijafanya kazi hata siku moja tangu ununue mashine hii."

Llvmpipe, alieleza, ni programu inayochora picha za skrini kwa kutumia prosesa kuu pale ambapo draiva ya chipu ya picha, yaani programu inayoiendesha chipu hiyo, haipo. Inasaidia mtu asikae gizani, lakini ni kazi nzito. "Ni kama shule ambayo mwalimu mkuu anafundisha, anapika, na anafungua geti, huku mpishi na bawabu wameambiwa wakae nyumbani. Shule itaenda, lakini chakula cha mchana kitaiva jioni." Alifungua htop, programu inayoonyesha prosesa inavyotumika, tukaicheza video tena. Mistari minne ya prosesa ilijaa hadi mwisho, yote minne, wakati picha ilikuwa inakwama kwenye lile wimbi la miguu. Wimbi ndilo mahali penye mwendo mwingi kuliko pote katika shairi. Kila kitu kwenye picha kinabadilika kwa wakati mmoja, na kazi ya kuifungua fremu inapanda. Ndiyo maana video iliganda kwa msichana yule yule kila siku.

Kwa nini draiva haikuwepo? Aliandika cat /proc/cmdline, amri inayoonyesha mashine iliamshwa kwa maagizo gani. Mwishoni mwa mstari kulikuwa na neno nomodeset. Hilo ni agizo la kuiambia Linux isiipakie draiva ya picha. Lina kazi yake halali: kuna mashine ambazo skrini huwa nyeusi wakati wa kusakinisha, na menyu ya kuanzishia Mint ina njia ya dharura inayotumia agizo hilo. Aliyeisakinisha Mint yangu alipita njia ya dharura, skrini ikawaka, akaridhika, na agizo likabaki humo ndani miaka miwili.

Kuna jambo moja linaloniuma. Kila asubuhi nilipowasha laptopu, kijisanduku kilijitokeza pembeni mwa skrini kikisema kwamba eneokazi linaendeshwa bila msaada wa chipu ya picha na kwamba prosesa itatumika kuliko kawaida. Nilikifunga kila siku. Fundi wa kwanza naye alikifunga mbele yangu. Huyu wa pili ndiye aliyekisoma. Nikiwa mwalimu wa lugha, ninayewaambia watoto kila siku wasome swali kabla ya kujibu, nimelichukulia jambo hilo kwa uzito, na tangu siku hiyo nasoma kila kinachojitokeza.

Tiba ilikuwa fupi. Alinakili kando kwanza faili ya /etc/default/grub, inayotunza maagizo ya kuamshia mashine, akaifungua kwa nano, akalifuta neno lile moja na kuacha quiet splash, akahifadhi, akaendesha sudo update-grub, akaizima mashine na kuiwasha. Kijisanduku hakikutokea. Inxi sasa ilisema Mesa Intel HD Graphics 4400. Hata menyu ilifunguka kwa namna ambayo sikuwahi kuiona, laini, bila kuvuta miguu. Alileta video ya harusi kutoka kwenye mashine yake, ya nukta 1920 kwa 1080, akaicheza kwenye yangu, ikateleza kama maji.

Nikasimama kutoa simu nilipe. Akasema, "Bado. Yako haijapona."

Alikuwa na haki. Alipoicheza ile ya shairi, ilikwama tena, ingawa mara chache. Kama angekuwa mtu wa kutafuta pesa ya haraka, angeichukua yangu hapo, na mimi ningefika Luanda nikiamini nimetibiwa.

Aliweka kifurushi cha vainfo, akaendesha amri ya jina hilo hilo. Orodha iliyotoka ni ya aina za video ambazo chipu ya picha inaweza kuzifungua yenyewe. Kwenye yangu kulikuwa na MPEG2, VC1 na H264. Akanionyesha kisichokuwepo: HEVC. Kisha akaiuliza faili yangu kwa ffprobe, nayo ikajibu kwamba ni HEVC, nukta 3840 kwa 2160.

Hapa naomba mnivumilie, maana ndicho kitu muhimu kuliko vyote nilichojifunza, na sijakisikia kwa fundi mwingine. Video hubanwa ili faili isiwe kubwa kupita kiasi, na kila namna ya kubana inahitaji namna yake ya kufungua. H.264 ni ya mwaka 2003 na chipu nyingi zilizotengenezwa baadaye zinaijua. HEVC, ambayo pia huitwa H.265, ilikamilishwa mwaka 2013, mwaka ule ule ilipotoka prosesa yangu, kwa hiyo chipu yangu ilizaliwa kabla ya kufundishwa. Kwa Intel, uwezo kamili wa kufungua HEVC ya kawaida uliingia na kizazi cha sita, na VP9, ambayo YouTube huitumia sana, ikafuata kwenye kizazi cha saba. AV1, ya mwaka 2018, ilisubiri kizazi cha 11. Chipu isipoijua lugha ya faili, mzigo unarudi kwa prosesa kuu, na prosesa yangu ina viini viwili tu; ile mistari minne ya htop ni kwa sababu kila kiini hubeba kazi mbili kwa zamu.

"Simu yako ni mpya kuliko laptopu," alisema. "Simu inaandika kwa lugha ambayo laptopu haikusoma."

Nikauliza kama basi fundi wa kwanza alikuwa sahihi, kwamba ninunue nyingine. Hakujibu moja kwa moja. Aliniuliza projekta ya shule ni ya ukubwa gani. Namba yake ninaikumbuka kwa sababu imeandikwa kwa rangi nyeupe kwenye sanduku: 1024 kwa 768. Akachukua kikokotoo. Picha ya simu yangu ina nukta zaidi ya milioni 8 kwa kila fremu. Projekta inaweza kuonyesha nukta chini ya laki 8. Kwa maneno mengine, nilikuwa nikiilazimisha mashine kufungua picha kubwa mara kumi kuliko ile ambayo wanafunzi wangeiona ukutani, na kilichozidi kilitupwa. Sikuhitaji laptopu nyingine. Nilihitaji kuingia kwenye mipangilio ya kamera ya simu, nichague 1080 kwa fremu 30, na niizime ile njia ya kuhifadhi kwa ufanisi wa juu ili simu irekodi kwa H.264. Alinifanya nibadilishe mwenyewe hapo hapo, huku akitazama. Kisha akanirekodi nikisoma beti mbili za shairi, akaileta video kwenye laptopu. Haikukwama hata mara moja.

Video za zamani, 14 kwa jumla, alizigeuza kwa ffmpeg kwenye mashine yake iliyo mpya zaidi, akizipunguza hadi 720 na kuiacha sauti kama ilivyo. Kwenye yangu kazi hiyo ingelala hadi kesho.

Wakati zinageuka, alisikiliza feni. Aliendesha sensors, joto likasoma nyuzi 91. Akanionyesha kwenye skrini jinsi mwendo wa prosesa ulivyokuwa unashuka wenyewe kila joto lilipokaribia 100, kwa sababu prosesa hujipunguza isiungue. Akafungua kifuniko cha chini. Kati ya feni na mapezi ya shaba palikuwa na kitu kama kipande cha blanketi, kijivu kilichopauka, kimeshikana. Alikitoa kwa kibano kikatoka kizima, akakiweka kwenye kiganja changu. Nilikisugua kwa vidole kikawa unga mweupe. Chaki. Miaka miwili laptopu imekaa kwenye meza iliyo chini ya ubao, ikivuta vumbi la chaki kila ninapofuta. Alipaka dawa mpya ya kupoza, akafunga, na video ile ile ikacheza kwa nyuzi 68. Siku hizi laptopu yangu inakaa dirishani.

Kwa upande wa intaneti alifanya mambo mawili. Aliisasisha Firefox, kwa sababu tangu toleo la 115 la mwaka 2023 kivinjari hicho hutumia chipu za Intel kufungua video kwenye Linux bila kuombwa. Halafu akaniwekea kiongezo kidogo kinachoitwa h264ify, kinachoiambia YouTube ilete H.264 badala ya VP9 au AV1. Ukibofya kulia juu ya video unaweza kufungua takwimu zake. Kabla yake ziliandika vp09 na fremu zilizoangushwa zilikuwa zinapanda mbele ya macho, baada yake zikaandika avc1 na hesabu ikasimama. Kasoro yake ni kwamba ubora hauvuki 1080. Kwa skrini yangu na kwa bei ya bando, hilo halinisumbui.

Pia aliniwekea mpv. Ni programu nyepesi ya kuchezea video, haina vitufe vingi, na kwa chaguo lake la kawaida haitumii chipu ya picha, kwa hiyo aliandika mstari mmoja, hwdec=auto-safe, kwenye faili yake ya mipangilio. Ukibonyeza herufi i wakati video inacheza, inakuonyesha fremu ngapi zimeangushwa. Hiyo herufi i nimeipenda kuliko vyote. Sasa nikiona mguu umechelewa, kabla sijafungua mdomo nabonyeza i.

Nije kwenye bei. Kuchunguza Sh 300. Kurekebisha mfumo na video Sh 1,000. Kusafisha feni na kupaka dawa Sh 500. Kugeuza video 14 kwa Sh 50 kila moja, Sh 700. Jumla Sh 2,500, nikalipa kwa M-Pesa. RAM niliyouziwa awali aliikagua akasema ni nzima, niiache, itasaidia kivinjari. Lakini alinionyesha kwa free -h kwamba wakati video inakwama, zaidi ya nusu ya RAM ilikuwa tupu. Jibu hilo lilikuwa amri moja tu mbali, na ningejua kabla ya kutoa Sh 2,200.

Sasa yasiyonipendeza, maana tathmini ya sifa tupu haimsaidii mtu. Kwanza, anaandika amri kwa kasi kabla hajaeleza anachofanya. Mara mbili ilibidi nimwombe asubiri. Alipoombwa hakukasirika, alichukua karatasi akaniandikia kila amri na kazi yake kwa Kiswahili kizuri, na karatasi hiyo nimeibandika ndani ya kabati la ofisi. Ila nadhani mteja asiyethubutu kuuliza atatoka na mashine iliyopona na kichwa kitupu. Pili, aliiweka mpv iwe ndiyo inayofungua video zote bila kuniuliza. VLC yangu ilikuwa na alama za mahali ninaposimamisha video darasani, na nilikaa Jumapili nzima nikidhani zimefutika. Zilikuwepo. Tatu, hatoi risiti. Mwalimu anayetaka kurudishiwa pesa na shule atapata taabu na mhasibu. Nne, ngazi ni za mwinuko na hazina mkono wa kushikilia. Mzazi wangu, kwa mfano, asingefika kule juu.

Na umeme. Ulipotea saa sita na nusu, tukakaa dakika 40. Mashine yake ya kugeuzia video ina betri nzuri haikuzimika, lakini taa ya meza ilizimika na hakuweza kuendelea na feni. Aliniambia niende nikale. Nilishuka nikala tilapia na ugali kwa Sh 350, nikarudi nikakuta amesogeza meza dirishani na anafunga skrubu ya mwisho kwa mwanga wa jua.

Kuna mteja mwingine alikuja nikiwa hapo, kijana mwenye laptopu mpya kabisa, naye akalalamika kwamba video inakatika. Nilidhani nitasikia hadithi yangu ikirudiwa. Fundi alitazama dakika moja tu. Picha ilikuwa haikwami. Ilikuwa inakatika kwa mstari wa mlalo katikati kila kamera ilipogeuka, nusu ya juu ya fremu moja na nusu ya chini ya nyingine. Akamwambia huo ni ugonjwa mwingine, skrini na chipu haziendi kwa hatua moja, akabadilisha mpangilio mmoja wa draiva, akamtoza Sh 300 za kuchunguza tu. Hakumfungulia mashine. Nilimwona kijana akishuka ngazi akiwa na mashaka kwamba tiba rahisi hivyo inaweza kuwa ya kweli.

Jumatatu baada ya masomo niliwakusanya wanafunzi kwenye maabara, nikawasha projekta, nikafungua video ya wiki ya pili iliyogeuzwa. Sikusema kitu kwanza. Wimbi lilianza kushoto, likapita mstari wa kwanza, likaingia wa pili, likaenda hadi mwisho. Mguu wake ukatua na mlio, pamoja kabisa. Nikarudisha nyuma, nikacheza polepole, fremu kwa fremu, kwa kitufe cha nukta kwenye mpv. Mguu chini, vumbi kidogo juu ya kiatu, na wote wakaruka. Aliyechelewa kweli, tukaona sote, alikuwa mvulana wa tatu kutoka kushoto, naye alikuwa amechelewa tangu mwanzo bila mtu kumwona, kwa sababu sehemu yake picha haikuwa imeganda.

Nilimwomba msichana radhi mbele ya wenzake. Nilikuwa nimemlaumu mbele yao, kwa hiyo radhi nayo ilipaswa kusikika na wao. Alisema, "Hakuna shida, Mwalimu," kisha akaongeza, "Nilikuwa nimeanza kuwahi, ili nisichelewe." Hiyo ndiyo hasara ambayo siwezi kuiandika kwenye safu ya bei. Alikuwa ameanza kuharibu wakati wake uliokuwa sahihi ili ulingane na mashine mbovu. Imetuchukua mazoezi manne kumrudisha pale alipokuwa.

Kwa anayetaka kwenda: yuko duka lile la ghorofa ya pili niliyoieleza, barabara ya Oginga Odinga. Ukifika kwa fundi cherehani umekaribia. Muulize yeye, watu wote wa jengo wanamjua. Hufungua saa tatu asubuhi Jumatatu hadi Jumamosi, na Jumamosi mchana foleni ni ndefu, afadhali uwahi. Hapokei mashine ya kulala dukani; anataka mwenyewe akae aone. Beba chaja yako, neno lako la siri la kufungulia, na simu unayorekodia. Na beba ile video inayokusumbua, yenyewe hasa. Bila hiyo hataigusa laptopu yako.